Huzuni Isiyo na Matanga

Katika makanisa mengi ya Afrika Mashariki kuna dakika chache za ushuhuda kabla ya mahubiri. Mtu anasimama, anasema Bwana asifiwe, kanisa linaitika, naye anaeleza: nilikuwa mgonjwa, nikaombewa, nimepona, nilitafuta kazi miaka mitatu, sasa nimeajiriwa, niliambiwa sitazaa, mtazameni huyu mtoto. Vigelegele vinapigwa. Ni jambo zuri, na nisingependa liondolewe. Ila ukikaa nyuma ukaangalia benchi kwa benchi, utaona kwamba kwa kila aliyesimama wapo wengi waliokaa. Nao pia waliomba, walifunga, walitoa sadaka, wengine waliwekewa mikono na mchungaji huyohuyo. Wao hawana zamu ya kusema. Ushuhuda wetu umezoea habari iliyokwisha, na habari yao haijaisha.

Makala hii ni ya hao waliokaa. Mkristo aliyetumaini kwa moyo wote kisha asipate alichokitumainia, anadumuje katika imani? Kwa nini mmoja anazika mtoto aliyeombewa na kanisa zima na bado anaendelea kusali, na mwingine anaacha kwa jambo dogo kuliko hilo? Jibu linalotolewa haraka ni kwamba wa kwanza alikuwa na imani kubwa. Mimi silikubali jibu hilo. Nikisoma Maandiko, na nikiangalia yaliyolipata Kanisa katika nchi zetu, naona kudumu kunategemea sana watu waliomzunguka aliyevunjika moyo: kama wanakaa naye, na kama wanamwacha alalamike mbele za Mungu bila kumhesabu mwasi. Palipo na watu wa namna hiyo, imani hustahimili mapigo makubwa ajabu. Wasipokuwepo, hata mlokole wa miaka thelathini hukatika kimyakimya.

Kinachonisikitisha ni kwamba kukaa na mtu tunakujua. Kukitokea msiba, kabla ya saa sita mchana turubai limesimama, mikeka imetandikwa, kina mama wako jikoni na masufuria ya kuazima, na kijana mmoja ameshika daftari la rambirambi. Mfiwa halali peke yake. Akilia analia, akinyamaza ananyamaziwa, na akisema Mungu kamwonea hakuna anayemrekebisha. Lakini binti ambaye ndoa yake imevunjika kadi za mwaliko zikiwa zimeshagawiwa, mama ambaye mimba ya nne imetoka, mhitimu ambaye vyeti vyake vimechakaa ndani ya bahasha ya kaki, muumini aliyemkopesha kiongozi wake wa dini akiba yote na hakulipwa, hao hatuwatandikii mkeka. Tunawapigia simu, tunawaambia Mungu ana makusudi yake, tunakata.

Waliowahi kuongoza jumuiya wanajua jinsi mtu anavyoondoka. Hagombani na mtu, wala haleti hoja kuhusu kuwepo kwa Mungu. Anaanza kukosa maombi ya katikati ya wiki, akiulizwa anasema kazi zimembana. Halafu anahamia benchi la nyuma, karibu na mlango. Baadaye anasema ibada anaifuatilia kwenye redio. Siku moja watu wanakumbuka hawajamwona tangu Pasaka, na mmoja anasema amepoa. Ni nadra mtu kuuliza ni jambo gani lilimpata mwezi ule alioanza kukosekana.

Biblia haina aibu na jambo hili hata kidogo. Kati ya zaburi 150, karibu theluthi ni za maombolezo, na nyingi kati ya hizo zinamlalamikia Mungu mwenyewe: umelala, umejificha, umetusahau. Karibu zote hugeuka mwishoni zikawa sifa. Zaburi ya 88 haigeuki. Inaanza na kilio cha mchana na usiku, inamwambia Mungu kwamba ndiye aliyewatenga rafiki na mwombaji, kisha inaishia gizani. Waliokusanya zaburi hizo wangeweza kuiacha nje, au kuiongezea ubeti wa matumaini ili isiwakwaze wachanga wa imani. Wakaiweka ilivyo mikononi mwa waimbaji. Maana yake ni kwamba kusanyiko zima lilipewa maneno ya kumwimbia Mungu siku ambayo hakuna hata mmoja mwenye kuona mwanga, na kuyaimba kukahesabiwa kuwa ibada.

Yeremia alikwenda mbali zaidi. Alimfananisha Mungu na kijito kinachomdanganya msafiri, chenye maji yasiyodumu. Aliilaani siku aliyozaliwa. Alimwambia Mungu waziwazi kwamba amemhadaa. Mtu angetamka maneno hayo kwenye mkesha wetu wa Ijumaa, nadhani angewekewa mikono akemewe pepo. Katika Biblia mtu huyo ni nabii, na aliendelea kuwa nabii baada ya kuyasema.

Ayubu anajulikana zaidi, ila anasomwa vibaya. Tunamtaja kama mtu wa subira, tukiishia sura ya pili. Kuanzia sura ya tatu anapiga kelele karibu kitabu kizima, anadai kesi yake isikilizwe, anamwita Mungu aje ajibu. Rafiki zake watatu ndio wenye maneno ya unyenyekevu na mafundisho yaliyonyooka: Mungu ni wa haki, kwa hiyo umetenda dhambi, tubu. Mwishoni Mungu anamwambia Elifazi, mmoja wa hao watatu, kwamba wao hawakusema yaliyo sawa juu yake, bali Ayubu ndiye aliyesema. Wanatakiwa walete ng'ombe saba na kondoo saba, na Ayubu yuleyule waliyemhukumu awaombee. Jambo ambalo wahubiri hulipita haraka ni kwamba rafiki hao walianza vizuri sana. Walitoka kwao, wakaketi naye chini siku saba mchana na usiku, hakuna aliyesema neno, kwa sababu waliona maumivu yake ni makubwa mno. Hayo yalikuwa matanga kamili. Waliharibu walipoanza kueleza.

Kuna pia Eliya. Ametoka kushinda Karmeli, moto umeshuka, mvua imenyesha, na Yezebeli anatuma ujumbe kwamba kufikia kesho atamuua. Anakimbia mwendo wa siku moja jangwani, anaketi chini ya mretemu, anaomba afe. Tazama Mungu anavyomhudumia. Hakuna mahubiri. Malaika anamgusa, anamwonyesha mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Anakula, analala tena. Anaguswa mara ya pili, anaambiwa ale kwa kuwa safari ni kubwa. Ndipo anafika Horebu na kutoa lalamiko lake, na baada ya upepo, tetemeko na moto analitoa tena, neno kwa neno, kana kwamba hakusikia chochote. Mungu hamkemei kwa kurudia. Anampa kazi, anampa Elisha wa kumsaidia, anamwambia wapo elfu saba ambao hakuwajua. Chakula, usingizi, sikio, kazi, mwenzake: ukizitafuta huduma hizo kwenye ratiba ya semina zetu za kurudisha moto, utapata mahubiri peke yake.

Na kwa wanaosema mwenye imani haugui, Agano Jipya lina mstari mfupi ambao nimeushika siku zote. Paulo, ambaye mikononi mwake wagonjwa walipona, anamwandikia Timotheo kwamba Trofimo amemwacha Mileto, hawezi. Hasemi Trofimo alikosa imani. Hasemi kulikuwa na laana ya ukoo. Alikuwa mgonjwa, safari ikaendelea bila yeye. Paulo mwenyewe aliomba mara tatu mwiba wake uondolewe, haukuondolewa.

Kwa hiyo mafundisho ya mafanikio, yanayosema afya na mali ni haki ya kila aliyeokoka na kwamba kinachohitajika ni kukiri kwa kinywa na kupanda mbegu, yanabeba tatizo ndani yake. Sitaki kuyadharau. Yalielewa jambo ambalo makanisa ya zamani yalilipuuza: mtu anayeingia ibadani akiwa na deni la kodi ya nyumba na mtoto mwenye homa anataka Mungu anayegusa kodi na homa. Miaka mingi alikuwa akiambiwa asubiri mbinguni. Alipotokea mhubiri aliyemwambia Mungu anamjali leo, alikwenda, na alikuwa na haki ya kwenda.

Shida inaanza siku ahadi isipotimia. Ahadi ilikuwa na masharti, na masharti hayana mwisho: hukuamini vya kutosha, ulitoa pungufu, kuna dhambi hujaitubu, kuna kifungo cha bibi yako upande wa mama. Mafundisho ya namna hii hayashindwi kamwe, kwa kuwa kila yanaposhindwa deni linahamishiwa kwa mgonjwa. Alikuja na ugonjwa, anaondoka na ugonjwa na hatia juu yake. Nimewasikia watu waliokuwa wamelala hospitalini, wenye maumivu makali, wakichunguza maisha yao yote kutafuta kosa lililomzuia Mungu. Huo ni ukatili, hata kama anayeuleta ana Biblia mkononi na sauti ya upole.

Mwaka 2011 nchi nzima ya Tanzania, na majirani, ilielekea Samunge, Loliondo, ambako mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Masapila, alikuwa akitoa kikombe cha dawa kwa shilingi 500. Bei yenyewe inaonyesha hakuwa mtu wa kukusanya utajiri, na wengi waliokwenda walikwenda kwa imani safi. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi kwenye barabara ya vumbi; wapo waliofia kwenye foleni. Kilichofuata ndicho kinachonigusa. Vyombo vya habari vilihesabu magari ya kwenda, ila ni wachache waliofuatilia watu waliorudi nyumbani na kisukari chao kilekile. Walirudi makanisani mwao, na sidhani kama kanisa lolote liliandaa ibada kwa ajili yao. Miaka tisa baadaye, Februari 2020, watu 20 walikufa Moshi katika msongamano wa kukanyaga mafuta ya upako uwanjani. Nyuma ya kila mmoja kulikuwa na hitaji ambalo alishalipeleka kwa Mungu mara nyingi.

Tumaini linaweza pia kuvunjika kwa tarehe. William Miller, mkulima Mbaptisti wa jimbo la New York, alihesabu kutoka kitabu cha Danieli, na wafuasi wake wakafikia kuamini kwamba Kristo angerudi Oktoba 22, 1844. Maelfu walingoja. Wapo walioacha viazi ardhini bila kuvivuna. Siku ikapita, na mmoja wao, Hiram Edson, aliandika baadaye kwamba walilia mpaka kukapambazuka. Wengi waliacha, wengine walirudi makanisa yao ya zamani kwa aibu. Miller mwenyewe alikiri kwamba alikosea kuhesabu, akabaki na tumaini la kurudi kwa Kristo bila tarehe hadi alipofariki mwaka 1849. Na kikundi kidogo kilikaa pamoja, kikafungua Biblia upya, kikabishana miaka mingi, na mwaka 1863 kikaunda Kanisa la Waadventista Wasabato. Wamisionari wake walifika Upareni mwaka 1903 na Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906. Mtu anaweza kutokubaliana na tafsiri yao ya kilichotokea, mimi nina maswali yangu, lakini walidumu kwa sababu waliruhusiana kusema kwa sauti kwamba hatukumwona Bwana, tukae tujiulize.

Linganisha na Kanungu, kusini magharibi mwa Uganda. Viongozi wa kundi la kurejesha Amri Kumi walitangaza mwisho wa dunia kuwa mwisho wa mwaka 1999. Waumini walikuwa wamekabidhi mali zao. Tarehe ilipopita, taarifa za wakati huo zilieleza kwamba walianza kunung'unika na kudai vyao. Machi 17, 2000, kanisa lao lilichomwa moto mamia wakiwa ndani, na miili mingine ikakutwa imezikwa katika nyumba za kundi hilo. Shakahola, Kilifi, mwaka 2023, ilitupa makaburi ya zaidi ya watu 400 walioambiwa wafunge hadi wamwone Yesu. Kundi ambalo muumini wake hawezi kusema nimevunjika moyo ni kundi la hatari, na hatari hiyo huanza mapema sana, siku ile swali la kwanza linapoitwa uasi.

Kuna wanaovunjika moyo kwa sababu ya kazi isiyozaa. Mwaka 1844, uleule wa Miller, mmisionari Ludwig Krapf alifika Mombasa akiwa amefukuzwa Ethiopia. Mwezi Julai mkewe Rosine alijifungua mtoto wa kike, akafariki kwa homa, na mtoto akamfuata baada ya siku chache. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa. Alikuwa ameanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, aliendelea. Mwenzake Johannes Rebmann alifika mwaka 1846, akakaa Rabai karibu miaka 29, akampoteza mkewe, akapofuka, akaondoka mwaka 1875 akiacha waongofu wa kuhesabika. Hadithi hizi hupendwa na wahubiri, na mimi nina tahadhari nazo, kwa sababu hutumiwa kumwaibisha aliyechoka: mbona Rebmann hakuchoka? Hatujui alivyochoka. Tunachokiona ni kwamba wote wawili walikuwa na kazi ya mikono ya kila siku ambayo haikutegemea waongofu: kuandika maneno, kuuliza wenyeji jina la kitu, kusahihisha. Kamusi ya Krapf ilitoka mwaka 1882, yeye akiwa ameshafariki. Kwa mtu aliyevunjika moyo, kazi ndogo inayoendelea kesho huweza kumshika kuliko ahadi kubwa.

Mapigo mengi niliyoyataja mpaka hapa yanauacha mlango wa kanisa wazi. Lipo pigo linalotokea kanisani kwenyewe, na hapo hatuna budi kwenda Rwanda.

Gahini, mashariki mwa Rwanda, ndiko Uamsho wa Afrika Mashariki uliposhika moto katika miaka ya 1930. Kutoka hapo ulienea Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika. Mafundisho yake yalikuwa kutembea nuruni: kukiri dhambi mbele ya wenzako, kurudisha ulichoiba, kusameheana bila kujali kabila wala rangi. Kwa miongo kadhaa ndugu wa Uamsho walilibeba Kanisa la eneo hili. Katika vita vya Mau Mau wapo waliouawa kwa kukataa kula kiapo, na wakakataa pia kushika bunduki za Mwingereza. Na bado mwaka 1994, katika nchi ileile, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, Wakristo waliua Wakristo. Watu walikimbilia makanisani kwa sababu katika machafuko ya zamani makanisa yaliwaokoa. Ntarama, Nyamata, Nyarubuye: waliuawa kati ya mabenchi, chini ya altare. Ntarama nguo zao zilitundikwa ndani ya jengo, zikabaki hapo. Aprili 10, siku chache baada ya mauaji kuanza, maaskofu wa Afrika walikuwa Roma kufungua sinodi yao. Wapo mapadri, wachungaji na watawa waliohukumiwa na mahakama kwa kushiriki.

Mnusurika wa Ntarama akikuambia hawezi tena kuingia kanisani, usimjibu kwa aya. Baada ya 1994 wapo Wanyarwanda walioacha Ukristo, na wapo walioingia Uislamu kwa sababu waliona jirani zao Waislamu waliwaficha. Siwezi kuwalaumu, na sidhani mbingu inawalaumu. Imani ilivunjwa na wale waliokabidhiwa kuitunza.

Ila wapo waliobaki, na ukiwasikiliza wanataja mambo mawili. La kwanza ni majina ya watu. Félicitas Niyitegeka, Mhutu aliyeongoza kituo cha Kanisa Gisenyi, aliwaficha Watutsi na kuwasaidia kuvuka kwenda Goma. Kaka yake, ofisa wa jeshi, alimwandikia atoke. Alijibu kwamba hatawaacha watu wake. Aliuawa Aprili 21, 1994 pamoja nao. Mtu mmoja wa namna hiyo haoshi damu ya mahali pengine, lakini humpa mnusurika kitu cha kushika: aliyesali sala zilezile alifanya tofauti. La pili ni ukweli kusemwa. Hilo lilichelewa sana. Maaskofu Wakatoliki wa Rwanda walitoa tamko la kuomba radhi Novemba 2016, na Papa Francis akaomba msamaha Machi 2017. Kwa miaka mingi wanusurika waliombwa wasamehe kabla ya kusikia mtu akisema tulikosa. Nadhani pia Uamsho wenyewe una somo hapa. Ulifundisha kukiri wizi, uzinzi, chuki ya jirani. Dhambi ya kundi zima, ya kuandikwa kabila kwenye kitambulisho na kanisa kunyamaza, haikupata mahali pake katika kukiri huko. Ndugu waliokuwa hodari wa kutubu mbele ya watu walikosa maneno ya kutubia jambo kubwa kuliko yote.

Hili linanileta kwenye onyo. Neno vumilia linaweza kuwa silaha. Mwanamke anayepigwa anakwenda kwa mama mchungaji, anaambiwa, vumilia mwanangu, mwombee mumeo, Mungu atambadilisha. Kijana aliyenajisiwa na kiongozi wa kwaya anaambiwa asiliaibishe kanisa. Wanaambiwa huko ndiko kudumu katika imani. Sivyo. Yesu alipowatuma wanafunzi wake aliwaambia wakiudhiwa katika mji mmoja wakimbilie mwingine. Mtu anaweza kudumu na Mungu akiwa ameondoka nyumbani, ameripoti polisi, amehama usharika. Wengine hawadumu mpaka waondoke. Vivyo hivyo kwa aliyelemewa na sonona, asiyelala, anayewaza kufa: kumpeleka hospitali si upungufu wa imani. Malaika wa Eliya alianza na mkate.

Kimya cha Mungu nitakigusa kidogo tu, kwa kuwa kina waandishi waliokieleza kuliko niwezavyo. Barua za Mama Teresa wa Calcutta, zilizochapishwa mwaka 2007, miaka kumi baada ya kifo chake, zilionyesha kwamba kwa karibu nusu karne hakuhisi uwepo wa Mungu, isipokuwa kwa muda mfupi. Wengi walishtuka. Mimi zilinifariji, na kilichonivutia zaidi ni kwamba hakukibeba peke yake: aliwaandikia waungamishi wake mwaka baada ya mwaka, nao hawakumwambia aache kusema. Aliamka na masista wenzake, akasali sala zilizoandikwa, akaenda kwa wagonjwa. Hapa ndipo liturujia, ambayo walokole wengi huiona baridi, inapokuwa na kazi. Mtu asiye na neno lake mwenyewe hupewa la Kanisa. Anayeshindwa kusema nasadiki husimama katikati ya wanaosema, na siku hiyo wao wanasadiki kwa ajili yake.

Uganda ya 1977 inaonyesha hilo kwa ukubwa wa taifa. Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa Februari 16 chini ya utawala wa Idi Amin. Kaburi lilichimbwa Namirembe, serikali ikakataa kutoa mwili, ukapelekwa Mucwini, kwao kaskazini. Jumapili iliyofuata, ingawa ibada ya kumkumbuka ilikatazwa, maelfu walikwenda Namirembe, na baada ya ibada wakasimama pembeni ya shimo lisilo na mtu, wakaimba. Hakuna aliyewaambia wasihuzunike. Festo Kivengere, askofu wa Kigezi, alikimbia nchi akivuka milima kwa miguu, na mwaka huohuo akaandika kitabu kuhusu kumsamehe Amin. Watu hukinukuu kitabu bila kutaja kwamba mwandishi wake alikiri ndani yake uchungu uliokuwa umemjaa, na kwamba alikuwa na ndugu wa kumwambia uchungu huo.

Basi tufanye nini huku mitaani? Chombo tunacho. Maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, waliamua katika miaka ya 1970 kwamba jumuiya ndogo ndogo ziwe msingi wa maisha ya parokia. Walutheri, Waanglikana na Wapentekoste wana vikundi vyao vya nyumba kwa nyumba. Mahali pengi jumuiya imegeuka kituo cha kukusanya michango: ya ujenzi, ya mavuno, ya gari la askofu. Mwenyekiti anajua nani hajamaliza ahadi yake kuliko anavyojua nani ameachishwa kazi. Ningependa kila jumuiya iwe na mtu mmoja au wawili, mara nyingi wajane au wazee waliokwisha kupita motoni, ambao kazi yao ni hiyo tu: kujua nani alitumaini na hakupata, na kwenda kukaa naye bila kuhubiri. Waruhusiwe kusoma Zaburi ya 88 na kuifunga Biblia hapohapo.

Mchungaji aliyemwombea mgonjwa ambaye hakupona arudi kwenye nyumba ile. Hili ni gumu, kwa sababu naye amevunjika moyo. Alisema kwa sauti mbele ya watu, na haikuwa. Wengi hukwepa nyumba hiyo kwa aibu, na familia husoma kukwepa kwao kuwa hukumu. Akirudi hahitaji maelezo. Aseme aliomba kwa moyo wote, na hajui kwa nini. Na arudi tena mwezi wa tatu baada ya msiba, wakati wengine wameacha kupiga simu, matanki ya maji ya kuazima yamerudishwa, ndugu wamepanda basi kwenda kwao, na mfiwa ndiyo kwanza anaanza kuuliza maswali yake ya kweli.